Asali Siyo Sukari

Niliugua sukari wakati nchi ndiyo kwanza inaanza kuiona sukari. Kabla ya hapo ilikuwa inakuja kwa mgawo kwenye duka la kijiji, na foleni ilikuwa haijafika katikati gunia limeshakung'utwa. Halafu likaingia lile neno, ruksa. Kufungua kibanda ruksa, kuuza mitumba ruksa, kuleta redio kutoka ng'ambo ruksa. Hata mbuzi akiingia shambani kwa mtu, vijana walicheka wakasema mwacheni, ni ruksa. Kwenye kituo chetu kidogo cha reli, kati ya Manyoni na Itigi, vibanda viliota kando ya njia ya treni, vimejaa biskuti, soda za rangi zote na pipi zenye karatasi za kung'aa. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nimekaa kizingitini, nimekatazwa vyote.

Ilianza kwa kiu. Nilikunywa maji mpaka mama akauficha mtungi, akidhani ni utundu. Nilikonda, na nyuma ya nyumba, pale nilipokuwa najisaidia haja ndogo, sisimizi walijipanga kama wameitiwa sherehe. Wakanipeleka hospitali ya misheni. Wodini kulikuwa na mzee mmoja aliyekatwa miguu yote miwili chini ya magoti, naye alikuwa mgonjwa wa sukari. Nesi alimfundisha mama kuchemsha bomba la sindano kwenye sufuria, kuvuta dawa na kunichoma pajani, na muda wote huo mama alikuwa anamtazama yule mzee. Aliuliza swali moja tu.

"Na huyu wangu atakuja kuwa vile?"

"Ukimchoma kila siku, na asiguse sukari, atakua na miguu yake," nesi alimjibu.

Mama aliishika ile kauli kama ahadi aliyopewa yeye binafsi. Kuanzia siku ile kazi yake hapa duniani ikawa moja, kunifikisha ukubwani na miguu yangu. Kichupa cha dawa alikitia kwenye chungu, chungu akakizika nusu kwenye mchanga uliolowa, kivulini, ili dawa isipate joto. Asubuhi alinichoma kabla hajamsalimia mtu.

Shuleni waliniita Duka. "Duka limefunguliwa?" ndiyo ilikuwa salamu yangu. Watu wazima hawakuwa bora sana. Jirani mmoja alikuja kunitazama, akasikitika, kisha akasema mbele yangu, "Sisi sukari tunaisikia kwa watu, huyu ya kuugua kaitoa wapi?" Wakacheka. Nami nilicheka, kwa sababu ilichekesha kweli. Sikuona uchungu. Nadhani ni wakati ule ndipo nilipoanza kuwa hivi nilivyo, mtu wa kuambiwa jambo na kulitazama tu likipita.

Tulikaa na bibi, mama yake baba. Marehemu babu alimwachia mizinga huko porini, na kila msimu baba zangu wadogo walimletea asali yake kwenye kibuyu. Asali haikuwa kitu cha kulamba lamba. Mgeni wa heshima alipewa, mzazi alipewa, mwenye kifua alipewa.

Asubuhi moja mama alinichoma sindano, akaenda kisimani ili akirudi apike uji. Foleni ya maji ikamkalisha huko. Mimi na bibi tulikuwa tunapura alizeti uani. Mikono yangu ikaanza kutetemeka, jasho likanitoka na hali palikuwa na upepo wa baridi. Nilimwona bibi anafungua mdomo na kufunga, sauti siisikii. Nikaanguka juu ya alizeti. Majirani wakaja mbio. Mmoja akasema nipewe maji ya sukari, bibi akamkemea, kwamba anataka kuniua, hospitali si walikataza sukari? Akaingia ndani, akatoka na kibuyu, akanipaka asali mashavuni kwa ndani kwa kidole chake. Haukupita muda nikaketi, nikaomba chakula.

Uani palikuwa pamejaa watu na wote waliona.

"Mmeona?" bibi akasema. "Asali siyo sukari. Sukari ni ya kiwandani. Asali ni ya porini, ni dawa tangu na tangu. Imeitoa sukari mwilini."

Nani angebisha? Baba, aliyekuwa kibarua wa kutengeneza njia ya reli, alirudi jioni akasimuliwa na watu tofauti, na wote walisimulia jambo lile lile. Mama ndiye pekee aliyejaribu. Alipiga goti kidogo, kama mkamwana anavyotakiwa, akasema, "Lakini mama, nesi alisema kila siku."

"Nesi alikuwepo mtoto alipoanguka? Kilichomwangusha ni hiyo sindano yenu. Mimi ndiye niliyemwinua."

Na hapo bibi alikuwa amesema kweli tupu. Ndiyo maana mpaka leo siwezi kumkasirikia. Sindano ndiyo iliyoniangusha, kwa kuwa ilikuwa imeingia kwenye tumbo lisilo na kitu, na asali ndiyo iliyoniinua, kwa kuwa asali ni sukari. Alikuwa ameona sawasawa kila kitu isipokuwa hicho kimoja. Lakini hakuna aliyekuwa ametueleza kwamba kitu kile kile kinachoniua ndicho kinachoniokoa, inategemea na saa.

Sindano zikasimama. Nikawa napewa kijiko cha asali asubuhi na jioni. Siku za mwanzo nilifurahi, lazima niseme. Nilikuwa sichomwi, na nilikuwa nalamba kitu ambacho watoto wengine walikitamani. Kisha kiu ikarudi. Nikaanza kutapika. Pumzi ikawa nzito, ya kuvuta toka tumboni, na mdomo wangu ukanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Bibi akaongeza kijiko. Mama alikuwa anapita mlangoni, ananitazama, anaondoka, anarudi. Siku niliposhindwa kumwitikia, alinibeba mgongoni bila kuaga mtu, akaenda nami kituoni, na baba akamwangukia dereva wa treni ya mizigo atuchukue.

Ya hospitali siyakumbuki, ila dari. Nilipozinduka, daktari alikuwa anamfokea mama. Mama hakumtaja bibi. Alisema, "Ni makosa yangu," akameza yote peke yake.

Tuliporudi nyumbani hapakuwa na ugomvi. Mama aliendelea kupiga goti na kusema shikamoo mama kila asubuhi, na bibi aliendelea kuitikia marahaba. Lakini mama hakuniacha tena peke yangu na bibi, hata kwa muda wa kwenda kisimani. Tulikwenda wote, mimi na uji wangu ndani ya kopo. Bibi alituangalia tukitoka. Wakati mwingine alisema, si kwa mtu yeyote, "Lakini si waliona wenyewe." Alifariki akiwa hajaambiwa. Sikulia kwenye msiba wake, na watu waliliona hilo.

Nilikua. Reli ilipunguza watu, baba akawa mmojawapo, na mimi nikajifunza ushonaji nikahamia Singida mjini. Nguo mpya zilikuwa hazishonwi sana tena, mitumba ilikuwa imetumaliza, basi nikawa fundi wa kupunguza suruali za Wazungu zilingane na viuno vya Wanyaturu. Nilijichoma mwenyewe kila asubuhi. Wachumba wawili walikuja. Wa kwanza aliambiwa na dada zake kwamba mwenye sukari hazai, akaacha kuja. Wa pili nilimwacha mimi, kwa sababu alikuwa ananihurumia mezani. Nilisema sawa, nikarudi kwenye cherehani.

Mguu wenyewe sijui ulianza lini. Nilichogundua ni kwamba inanibidi niiname kutazama kama nyayo ziko kwenye pedeli. Nikajikuta naangalia chini kama mwanafunzi anayejifunza. Nililiona jambo hilo nikaliacha. Halafu jioni moja, navua viatu, nikakuta soksi imegandamana na damu. Kipande cha sindano ya cherehani kilikuwa kimezama unyayoni, na kwa ule usaha ulivyokuwa, nilikuwa nimekitembelea siku nyingi. Nikakitoa kwa koleo. Haikuuma hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikaogopa, na hata hofu yenyewe ilikuja kutoka mbali.

Kidonda kilikula. Hospitali wakakata kidole kidogo. Daktari, kijana mpole, alisema vingine tuvisubiri. Kama damu inafika na nikiwa bado nasikia nikiguswa, mguu utabaki. Kama sisikii, hawezi kuahidi.

Mama alikuja kwa basi, na mfuko wa viazi vitamu ambavyo siruhusiwi kula kwa wingi, akijua. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyomwacha. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Hakutazama bandeji. Nilimweleza maneno ya daktari, na nikajilaumu hapo hapo, maana niliona ameyachukua yote.

Nesi alipofungua kidonda kukisafisha, mama aliomba aachiwe kidogo. Kwa sababu wodi ilikuwa na wanaume waliokuja kuwaona wagonjwa wao, alinifunika kitenge chake kuanzia magotini hadi chini, akaingiza mkono kwa ndani.

"Hapa unasikia?"

Kitenge kilicheza upande wa kidole gumba.

"Nasikia, mama."

"Na hapa?"

Kikacheza tena, katikati.

"Nasikia."

Uso wake ulilegea kidogo. Sijawahi kumpa mama yangu zawadi yenye maana, na nilijua kwamba hii ndiyo zawadi aliyokuwa anaingojea tangu nikiwa na miaka tisa. Nikakaza macho kwenye kile kitambaa. Kikacheza mara ya tatu, pembeni, karibu na pale palipokatwa.

"Hapo pia nasikia," nikasema, kabla hajauliza.

Mama akautoa mkono polepole.

"Hapo nilikuwa naweka kitenge sawa, mwanangu," alisema. "Nilikuwa bado sijakushika."