Picha za Magoti Kutoka Kwenye Theluji

Fuatino wa kisiwa cha Savai'i, kule Samoa, bibi ninayemfahamu kuliko ninavyopenda, hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, lakini dunia alikuwa ameizunguka mara tatu. Safari zote hizo alizifanya akiwa ameketi mkekani, kidole kikisukuma jani la mkadi chini ya jani jingine.

Ilikuwa hivi. Kila Jumanne akina mama wa kamati ya kijiji walikusanyika katika nyumba ya kusukia mikeka, na Vaiola, mwalimu mstaafu, aliwasomea vitabu vipya vya safari alivyotumiwa na bintiye kutoka Auckland. Fuatino alisikiliza kwa masikio yote mawili. Ikifika Ijumaa, jangwa lililosomwa Jumanne limeshakuwa jangwa alilolivuka mwenyewe ujanani, kwa miguu, akiwa na mimba.

"Mimba ya nani?" Vaiola aliuliza siku moja, mikono yake ikiendelea kusuka.

"Ya Tavita."

"Tavita ulimzaa hapahapa nikikushika mkono, karibu univunje vidole. Na hilo jangwa liko ukurasa wa arobaini."

Wenzao wakacheka mpaka majani yakawatoka mikononi. Fuatino naye alicheka, kwani mdomo wake alikuwa akiujua tangu zamani. Lakini kicheko kile kilimchoma kama mwiba wa mkadi. Uzee wote huu, alijiambia, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumwamini kuhusu mahali palipo mbali zaidi ya bandarini.

Basi dada yake Sulia, aliyehamia Christchurch, New Zealand, miaka mingi iliyopita, akamtumia tiketi ya ndege. Habari ilipofika kwenye mikeka, Vaiola alitoa kamera ndogo mkobani.

"Chukua, shoga. Kitufe ni hiki. Utuletee picha. Ukirudi mikono mitupu, hadithi zako utawasimulia kuku. Hapa tutabaki na vitabu vyangu."

Akenese, mwenyekiti wa kamati, akatikisa kichwa kukubali, na wengine wakafuata. Kwa Fuatino, hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa auache mdomo mlangoni.

Ndani ya ndege alitaka kupiga picha mawingu. Tatizo, watu wote walikuwa wameketi, na wengine walikuwa na mvi kumzidi. Nani aliyelelewa vizuri atapita mbele ya watu walioketi huku yeye amesimama kama mnazi? Fuatino akainama, kamera ikining'inia usawa wa mashavu ya miguu yake, akapita safu moja baada ya nyingine akisema "tulou, tulou" kama anavyosema nyumbani akipita mbele ya wakubwa. Kila safu alibonyeza. Aliwaomba radhi watu mia mbili, kutoka mbele mpaka mkiani, na wengi wao walikuwa wamelala.

"Mgongo unakusumbua, bibi?" mhudumu alimuuliza.

"Mgongo mzima kabisa, mwanangu. Kinachouma ni adabu."

Huko Christchurch, wazee wa kanisa la Sulia walikodi basi kwenda milimani kuona theluji. Walipofika, wakakunjua viti, wakajifunika mablanketi, wakaanza kula magimbi na nyama ya kopo.

"Simama basi, dada, uupige mlima," Sulia alimwambia.

"Nisimame nimzidi mzee Tuiloma kichwa? Umekaa huku mpaka umesahau kuketi."

Akakunja miguu, akaketi juu ya theluji. Kabla hajabonyeza mara ya pili, maji yalishapenya nguo zote mpaka ile asiyoitaja mbele ya mchungaji. Akaendelea kubonyeza, mara arobaini, akijiona fundi.

Siku ya kurudi, Sulia alizisafisha picha dukani akazitia kwenye bahasha. Fuatino hakuifungua njiani. Alitaka kuifungua mbele ya macho yote, wafe kwa wivu.

Jumanne ilipofika akaifungua. Picha ya kwanza ilikuwa zulia na kiatu. Ya pili, soksi mbili zisizofanana. Akaruka mpaka kwenye theluji: magoti manne ndani ya blanketi, miguu ya viti, na juu kabisa matundu ya pua ya mzee Tuiloma.

"Mlima uko wapi?" mtu aliuliza.

"Uko nyuma ya goti la mke wa mchungaji."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomtisha. Dunia nzima aliizunguka kwa mdomo bila kuteleza. Siku aliyopewa ndege, amerudi na magoti. Akaanza kuwafikiria kuku wake, yupi mwenye subira ya kusikiliza.

Akenese akaisogeza picha moja machoni. "Ngoja. Huu mguu wenye ndala kwenye theluji. Kidole kidogo hakipo."

"Ni Sulia huyo," mwingine akasema. "Alijikata kwa panga siku ya harusi ya mama yako."

Picha zikaanza kupita mkono kwa mkono. Wakamtambua Tuiloma kwa pua, na mke wa mchungaji kwa goti lililovimba tangu angali hapa kijijini. Vaiola yeye akazitazama zile arobaini za theluji, moja moja.

"Nimesoma vitabu vingi vya safari," alisema mwishowe, "na sijaona picha mbaya kama hizi. Mwongo angeleta mlima. Huyu mwanamke amefika."

Akausogeza mkeka wake, akamwachia Fuatino nafasi ya katikati. "Haya, mwenzangu. Theluji ikoje?"

Fuatino akakaa vizuri. Alikuwa ameingoja siku hii maisha yake yote.

"Ni baridi," akasema. "Inalowesha."

Wakangoja. Naye akangoja pamoja nao, akiutafuta ukweli uliobaki, akakuta umeisha.

"Basi?" akauliza Akenese.

"Basi vipi, bado sijamaliza. Nikiwa nimeketi vile, akatokea dubu."

"Dubu huyo nimemsoma hapa mwezi uliopita," Vaiola akasema.

"Ndiye huyohuyo. Akaniambia anakusalimu."

Vaiola akainamia mkeka wake, akachukua jani jipya. "Alikuwa mnene?" akauliza.