Kunguru Mlangoni kwa Dada

Mtaani walimwita Fundi Kufuli, na heshima yake yote ilikuwa hapo kwenye kazi. Ufunguo ukikuvunjikia ndani ya kitasa, au mtoto akijifungia chooni akaanza kulia, ulimkimbilia yeye kibandani kwake, naye alikuja na kifuko chake cha ngozi, akainama, akatia sikio mlangoni kama daktari anayesikiliza kifua, na mlango ukafunguka. Lakini dada yake alimwita Kunguru, na dada yake ndiye aliyemjua vizuri zaidi.

Kwa woga yule bwana alikuwa amejaliwa, tena bila ubahili. Aliogopa mbwa, hata aliyefungwa mnyororo. Aliogopa radi, sindano, lifti, na watu wanaoongea kwa sauti ya chini. Siku ya harusi yake mwenyewe, kipaza sauti kilipopiga mluzi ghafla, aliruka pembeni akamwacha bibi harusi amesimama peke yake mbele ya mchungaji. Kanisa zima lilicheka. Dada yake alicheka kuliko wote, halafu akainuka, akamshika mkono na kumrudisha mahali pake.

Huyo dada ndiye aliyemlea. Wazazi walifariki yeye akiwa bado msichana wa shule, na mdogo wake hata vifungo vya shati alikuwa hajui kufunga. Aliacha masomo akaajiriwa kwa dobi kupiga pasi, na pasi hakuiweka chini tena mpaka kifua kilipoanza kumkatalia kwa sababu ya ule mvuke. Watu walisema hakuolewa kwa ajili ya mdogo wake. Mwenyewe alisema wachumba wote waliokuja walikuwa na kola chafu. Siku za Jumapili alifundisha watoto kanisani, na hao watoto walimwogopa na kumpenda kwa kiasi kile kile.

Kulikuwa na jambo lililomsumbua fundi kuliko woga wenyewe. Zamani kidogo, mhubiri mgeni alisimama kanisani kwao akasema kwa nguvu kwamba imani na hofu hazikai nyumba moja. Moja ikiingia, nyingine inatoka. Watu wakasema amina. Fundi naye akasema amina, akarudi nyumbani akijua kwamba, ikiwa ni hivyo, basi imani yake ilishafungasha virago siku nyingi. Hakumwambia mtu. Aliendelea kwenda ibadani na kukaa kiti cha nyuma kabisa, kama abiria aliyepanda bila tiketi.

Ndipo ukaja ule ugonjwa wa kifua. Mwanzoni ulikuwa habari ya redioni, ya watu wa mbali. Halafu ukawa wa mtaa wa pili, halafu gari la matangazo likapita likiwaambia watu wakae ndani, na makanisa yakafungwa. Waliougua walichukuliwa wakiwa wamekaa wima, wakihema kama waliokimbia, na wengi hawakurudi. Fundi alifunga kibanda. Alinawa mikono mpaka ngozi ikapasuka, na mkewe akikohoa kwa sababu ya pilipili, yeye alitoka nje.

Wiki hiyo dada yake alimwita amtilie komeo la ndani mlangoni.

"La nini, dada?" aliuliza. "Hicho kitasa nilichokuwekea hakifunguki hata kwa maombi."

"Wewe unakifungua."

"Mimi ni fundi."

"Ndiyo maana nataka komeo. Kifua changu unakijua. Hii kitu ikinikuta, usije ukajitia ushujaa ukaingia. Una watoto."

"Ushujaa? Mimi?"

"Basi niwekee tu, Kunguru, unichekeshe siku nyingine."

Akaliweka, chuma kizito, skrubu ndefu. Alifanya kazi safi. Na kwa kuwa tunasema ukweli, moyoni alishukuru, maana komeo lile lilimtoa kwenye lawama. Angewezaje kuingia mahali pasipoingilika?

Basi kila jioni alimpelekea chakula. Nyumba aliyopanga dada yake ilikuwa ile ya vyumba vinavyofuatana, na ukumbi mrefu wa saruji mbele yake. Fundi aliweka kikapu kizingitini, akarudi nyuma mpaka kwenye ngazi, ndipo akaita.

"Hodi!"

"Karibu, usiingie!" dada yake alijibu kutoka ndani, na wote wawili wakacheka, mmoja huku na mmoja kule. Utani huo ulidumu. Kisha sauti ya ndani ikaanza kupungua. "Karibu" ikabaki, "usiingie" ikamezwa na kikohozi, na kicheko kikawa cha upande mmoja.

Jioni moja akaita hodi, kimya. Akaita ya pili. Akaita ya tatu, nayo kwa sauti ndogo zaidi kuliko mbili za kwanza, jambo ambalo mtu anayetaka kujibiwa halifanyi. Sasa sisi tumelelewa hivyo: ukibisha hodi mara tatu usijibiwe, unageuza, kwa kuwa kuendelea ni kukosa adabu. Na fundi alikuwa mtu mwenye adabu. Siku hiyo adabu ilimfaa kuliko siku zote za maisha yake. Aliacha kikapu, akashuka ngazi, na alipofika barabarani alikuwa anakaribia kukimbia.

"Hajambo?" mkewe alimuuliza.

"Amelala."

"Saa hizi?"

"Amechoka, mama watoto. Mtu si anachoka?"

Mkewe akaendelea kukunja nguo. Fundi alikwenda kulala, usingizi ukamkataa.

Kulipopambazuka alirudi na kifuko chake cha kazi. Kikapu kilikuwa pale pale, na sisimizi walikuwa wameshakifanya chao. Dirisha la chumba cha pili likafunguka kidogo. Alikuwa jirani wa dada yake, mama mmoja muuza mitumba, kitambaa kimemfunika mdomo na pua.

"Fundi, tumeshapiga simu. Wanasema watakuja, ila magari hayatoshi."

"Unamsikia anakohoa?"

"Asubuhi hii, hapana. Lakini jana jioni ulipobisha hodi, alikuwa anagonga ukuta. Nilidhani anakujibu wewe."

Fundi akakaa chini pale ukumbini. Kumbe alijibiwa. Dada yake, sauti ilipomwishia, alimjibu kwa ukuta, naye hakungoja kusikia.

Alitaka kusali. Akaanza ile sala yake ya kila siku, ya kuomba hofu imtoke, na katikati yake akachoka. Ameiomba tangu utotoni, na hofu bado iko pale pale imekaa kifuani. Ndipo likamjia jambo alilolisikia siku moja alipokuwa akitengeneza kabati la kanisa, kichwa kikiwa ndani ya kabati, huku dada yake akifundisha watoto nyuma yake.

"Usiku ule bustanini, Bwana aliogopa au hakuogopa?" dada yake aliwauliza.

"Hakuogopaaa!" watoto wakaitikia.

"Mmekosa wote. Aliogopa mpaka akatoka jasho. Aliwaambia rafiki zake wakae naye, wakasinzia. Alimwambia Baba yake waziwazi kwamba hataki. Halafu akainuka, akaenda na hofu yake."

Wakati ule fundi aliona hayo ni maneno ya watoto, akaendelea na bawaba zake. Sasa, ameketi kwenye saruji ya baridi, yalimwingia yeye. Kama Bwana mwenyewe aliogopa, basi yule mhubiri mgeni alikuwa ametoa tangazo la kufukuza wapangaji bila kumuuliza mwenye nyumba.

"Bwana," akasema kwa sauti, bila kujali dirisha la jirani, "hofu hii sikuombi tena uiondoe. Unaijua, ulishakuwa nayo. Nisindikize tu mpaka ndani."

Akangoja kidogo. Hofu ilibaki pale pale. Hakuna kilichobadilika isipokuwa kwamba alisimama.

Kitasa kilifunguka mara moja. Komeo, kazi ya mikono yake mwenyewe, halikutikisika. Lakini mlango ule ulifungukia nje, na bawaba zake zilikuwa upande wa ukumbini, kosa la seremala ambalo fundi alilicheka kwa miaka. Akatoa nyundo na msumari, akaanza kugonga pini ya bawaba kwa chini ili ipande. Akajigonga kidole gumba, akaendelea.

"Fundi! Fundi, wee!" jirani akapiga kelele. "Ukifungua huo mlango unatuua!"

"Funga dirisha, mama. Nikishaingia sitoki."

Alishangaa kusikia nani amesema hayo. Pini ya mwisho ikachomoka. Akausogeza mlango kiasi cha kupita mwili, akaingia, akauvuta tena mahali pake na kuuegemeza kwa meza.

Chumba kilinuka jasho la homa. Kitanda kilikuwa kitupu. Dada yake alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, mwiko wa kupikia mkononi, na rangi ya ukuta imebanduka pale alipokuwa akigonga. Alikuwa hai. Macho yalimfuata fundi polepole mpaka yakamtambua.

"Una watoto," alisema. Sauti ilitoka kwa vipande.

"Ninao."

"Nilikuambia usiingie."

"Uliniambia, dada."

Akaanza kulia. Tangu wazazi walipozikwa fundi hakuwahi kumwona dada yake akilia, na aliogopa machozi yale kuliko ugonjwa. "Kila jioni nakuambia usiingie," dada yake alisema, akipumzika katikati ya maneno, "na ukishaondoka nalia. Naomba usinisikilize."

Fundi alimwinua, akamlaza kitandani. Alimpangusa uso kwa kitambaa cha maji, akambadilisha gauni akiwa ameangalia pembeni, akamnywesha maji kwa kijiko kama yeye alivyonyweshwa zamani. Alimwegemeza kwenye mito ili apate pumzi. Kazi yote hiyo aliifanya akiwa anaogopa. Alikuwa na habari na kila pumzi aliyoivuta mle ndani.

Baadaye alisema lililomkaba. "Jana nilikuja. Nilijua hujalala. Niliondoka makusudi."

"Nilisikia viatu vyako vikikimbia."

"Nisamehe, dada."

Dada yake alikusanya pumzi kwa muda mrefu. "Nilicheka kidogo," akasema. "Nilisema, yule kunguru wangu huyo. Nilishakusamehe jana hiyo hiyo."

Gari halikuja siku ile, wala iliyofuata. Fundi alisali kwa sauti alipoombwa, na alipokosea maneno dada yake alimsahihisha kwa kidole, maana mwalimu ni mwalimu. Alimsihi Mungu amwachie dada yake. Alimwambia Mungu wazi kwamba yeye hana mama mwingine. Jibu halikuwa lile alilolitaka. Siku ya tatu mchana, jua likiwa dirishani, dada yake alivuta pumzi, fundi akaingoja nyingine, haikuja. Alikuwa amemshikilia kifuani pake. Akaendelea kumshikilia, akalia kwa kelele kama mtoto, na upande wa pili wa ukuta yule jirani naye akalia.

Kikosi cha afya kilifika jioni, watu wamevaa nailoni kuanzia kichwani hadi miguuni, miwani imejaa ukungu. Walimfunga dada yake kwenye mfuko. Walimwambia fundi kwamba kwa kuwa aliingia, atabaki humo humo mpaka muda wa hatari upite, na kwamba maziko yatafanywa na wao, bila ndugu. Homa yenyewe ilimpata wiki iliyofuata, ikamtikisa, ikamwacha. Lakini jioni ile hayo hakuyajua, wala hayakuwa akilini mwake.

"Mchungaji je?" aliuliza kupitia dirishani, wao wakiwa wameshafika uani na mwili.

"Haruhusiwi, mzee," alijibu mkubwa wa kikosi, na sauti ilionyesha kuwa ni kijana, tena amechoka sana. "Pole. Tuna nyumba nyingine za kupita. Ila kama una maneno mawili, sema, tunasubiri."

Wakamweka chini, wakasimama. Fundi alishika nondo za dirisha. Maneno ya maziko aliyasikia mara nyingi maishani mwake, na hata moja halikumjia.

"Bwana," alisema, "huyu ni dada yangu. Mpokee. Usimwache akae peke yake. Atakuambia hana shida, wewe usimsikilize. Ingia tu."

"Amina," akasema yule kijana. Wakamwinua, wakampeleka garini.