Bibi Nakala na Farasi wa Manispaa

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa masjala katika ofisi za manispaa, na alipostaafu aliondoka na imani moja tu: jambo lisilogongwa muhuri na kutolewa nakala halijatokea. Ndiyo maana wakamwita Bibi Nakala. Hata mumewe, mtu mpole anayetengeneza saa za watu nyumbani, hulalamika kwamba chumvi ikiisha inambidi aandike barua.

"Bora ningeoa kabati la mafaili," husema. "Lile angalau hunyamaza."

Sasa, mtaani kwao kulikuwa na mbeba matofali na farasi wake mmoja wa kijivu. Farasi alikuwa na kidonda begani, pale mkanda wa mkokoteni ulipomchuna, na mwenyewe alikifunika kwa gunia akaendelea na kazi. Bibi Nakala alikiona asubuhi moja, akarudi ndani kutafuta kalamu. Aliandika barua nne. Ofisi ya mifugo ikampiga danadana: leo afisa yuko kikaoni, kesho yuko njiani, keshokutwa fomu zimekwisha. Akaenda na fomu zake mwenyewe, maana unafikiri mtu kama yule angestaafu bila kuweka akiba? Mwishowe walichoka wao kabla yake. Farasi akachukuliwa, akawekwa katika ua wa nyuma wa ofisi, na Bibi Nakala akapewa karatasi iliyogongwa muhuri: Limeshughulikiwa. Alirudi nyumbani akalala usingizi wa mshindi.

Zikapita wiki tatu. Siku aliyokwenda kubadilisha kitambulisho chake, alichungulia uani kupitia lango. Farasi alikuwa amefungwa kwenye nguzo, kati ya gari bovu la taka na rundo la viti vilivyovunjika. Kidonda kilikuwa kimeanza kupona, tuseme ukweli. Lakini mbavu zilihesabika kutoka pale langoni, na ndani ya birika la maji mlikuwa na majani makavu na mjusi. Maskini, ameruka majivu akakanyaga moto. Mbeba matofali alikuwa na makosa yake, ila maji hakumnyima. Bibi Nakala alisukuma lango. Lilikuwa na kufuli. Akaona aibu, aibu ya kweli inayochoma masikio. Farasi huyu akifia hapa, atakuwa amekufa kwa barua zake yeye.

Alikwenda moja kwa moja kwa afisa mifugo, ambaye alimpokea kwa tabasamu la mtu aliyechelewa kujificha.

"Shikamoo, mama. Lile suala letu si tulilifunga?"

"Marahaba. Jalada mlilifunga, mwanangu, na farasi mkamfunga. Nipe fomu ya malalamiko."

Akaketi akajaza. Mmiliki wa mnyama: manispaa. Mtunzaji: hapo alimwuliza afisa jina lake kamili, ingawa alilijua vizuri sana, akaliandika kwa herufi kubwa. Afisa alicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Mama, hapa umeniandika mimi."

"Ufunguo wa lango anao nani?"

Afisa alipapasa mfuko wa suruali. "Ninao."

"Basi. Nyuma ya fomu inasema mnyama akiwa hatarini, afisa atamhoji mtunzaji siku hiyohiyo, mbele ya mnyama. Naijua, niliipiga chapa mimi. Twende ukamhoji. Ila mkazie macho, asije akakudanganya."

Afisa aligeuza fomu, akaigeuza tena, akitafuta pa kutokea. Macho yake yakaishia kwenye mstari wa chini, penye wahusika wengine.

"Na wewe umejiandika?"

"Mliponipa karatasi nilikwenda kulala," alisema, na sauti ilimpungua kidogo. "Sikuja hata siku moja kuuliza anakula nini."

Basi wakaenda uani. Afisa akasimama mbele ya farasi, fomu mkononi, kujihoji mwenyewe, na makarani wa vibali wakatoa vichwa madirishani wakicheka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Swali la kwanza, jina, alilijibu vizuri. La pili, cheo, alilijibu kwa sauti ya chini. La tatu lilikuwa: Mnyama alikunywa maji lini mara ya mwisho?

Akamtazama Bibi Nakala. Bibi Nakala akatazama viatu vyake. Aliyekuwa na jibu ni farasi peke yake, naye alinyoosha shingo mpaka kamba ikakaza, akalamba bomba kavu la ukutani.

Afisa alivua koti, akalitupia juu ya kiti kibovu na kwenda kutafuta ndoo. Bibi Nakala akatafuta ya pili. Makarani waliacha kucheka, na mmoja wao akashuka na ya tatu.

Jalada lile halijafungwa mpaka leo. Kila asubuhi afisa hupitia uani na nyasi kabla hajafungua ofisi yake, na kila Ijumaa humwekea Bibi Nakala fomu mezani ili asaini kwamba ameridhika. Yeye hutangulia uani, hupitisha kiganja ubavuni mwa farasi polepole, kisha hurudi.

"Bado nazihesabu," husema, na huomba nakala.

Nakala ya ile fomu ya mahojiano iko nyumbani, kwenye droo ya saa za mumewe. Nafasi ya swali la tatu iko tupu, na chini yake kuna sahihi mbili.