Kengele ya Ngamia Ndani ya Iyafoni

Wacha nikiri mwenyewe kabla mtaa wetu wote wa Wabera haujawaambia. Mlangoni mwa duka langu la simu nilitundika katoni yenye maandishi makubwa: "Sauti hupimwa hapa na mtaalamu." Mtaalamu ndiye mimi.

Juzi Abba Guyo, mfugaji wa Kulamawe aliyeleta ngamia sokoni, alipitia kununua iyafoni, vile visikilizio vya kuweka masikioni. Alitaka tuzijaribu kwa kengele za mbao za ngamia wake, alizorekodi kwa simu, maana anazijua moja moja. Iyafoni za kwanza zililia kama kijiko ndani ya sufuria. Za pili zilikuwa na sauti nzito mno, basi nikapunguza besi kidogo, nikaongeza kidogo, macho nimefumba kama mtu anayeombewa.

Ghafla kengele ikalia safi, karibu kabisa, mpaka nikaisikia mbao yenyewe.

"Abba Guyo, hiyo sasa ndiyo sauti!" nikapiga kelele. "Ni kama ngamia yuko nyuma yangu!"

Akaniashiria nitoe iyafoni masikioni.

"Mama Kendi, simu imezima kitambo. Ngamia yuko nyuma yako."

Nikageuka. Alikuwa anatafuna katoni yangu bila haraka, na neno "mtaalamu" lilikuwa limeshakwenda.