Miguu ya Mwalimu

Mwalimu wetu wa urubani huvua viatu kabla ya kupanda ndege, abaki na soksi tu, maana anasema pedali haitaki kupigwa teke, inataka kubembelezwa. Wakati wa kutua mikono yake hutulia mapajani kama ya mgeni anayesubiri kukaribishwa, na neno lake ni lile lile: "Miguu, baba. Miguu." Jana alikuwa anatua mwenzangu, dereva teksi wa miaka mingi, nami nimekaa nyuma. Magurudumu yalipogusa lami upepo ukaisukuma pua kushoto, naye akakata usukani kulia kama anayekwepa shimo. Lakini ndege ikiwa chini haiongozwi kwa usukani. Majani ya pembeni yakaanza kutujia mbio. "Miguu, baba," akasema mwalimu, sauti ile ile, mikono pale pale mapajani. Mwenzangu akashtuka, akakanyaga pedali ya kulia, ndege ikarudi katikati, tukasimama.

"Umeona? Umeiokoa mwenyewe. Haya, shukeni mkanywe maji."

"Na wewe, mwalimu?"

"Natafuta kalamu yangu."

Kalamu ilikuwa imechomekwa kwenye nywele zake. Nikachungulia chini, nikaona zile soksi zinavyotetemeka. Tukamwacha aitafute.