Daktari wa Wino na Kompyuta Yenye Kiburi

Erifazi hakusomea udaktari wala kitu kingine cha kujivunia, lakini mtaa mzima wa Kator, hapa Juba, walimwita Daktari kwa sababu ya sindano. Alikuwa nazo nne, kubwa, za kudungia ng'ombe, moja kwa kila rangi ya wino, na alizipanga kwenye trei ya chuma kama yuko wodini. Katriji ya printa ikikauka, wenzake waliitupa na kuagiza mpya Kampala. Yeye aliitoboa kwa pini ya moto, akaidunga wino taratibu, akaipangusa kwa tishu, akairudisha mahali pake. "Mgonjwa amepona," alisema kila mara, hata kama hakuna aliyemuuliza.

Saluni yangu ilipakana na kibanda chake, bati moja tu katikati, na jenereta lililotuwashia umeme lilikuwa langu. Kwa hiyo niliyasikia yake yote, nipende nisipende.

Alitoka Iganga, Uganda, mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya amani kutiwa saini, akiwa na trei mia mbili za mayai juu ya lori. Barabara ya Nimule wakati huo ilikuwa mashimo yaliyoungana na mashimo mengine. Yaliyofika Juba yalikuwa trei kumi na moja na harufu. Mtu mwenye akili angerudi kwao. Erifazi akauza saa yake na pikipiki ya kaka yake, bila kumwuliza kaka yake, akanunua kompyuta na printa ya rangi kwa kawaja mmoja, mzungu wa shirika, aliyekuwa anakimbilia ndege, kisha akatundika bango: BARUA, PICHA, KADI, KILA KITU. Kufika 2009, hakuna aliyeoa wala kuzikwa Kator bila karatasi ya Erifazi.

Alichojivunia kuliko sindano ni kwamba kompyuta yake haijawahi kugusa intaneti. "Mimi iko na kompyuta ya nyumbani," aliwaambia wateja. "Haitembeitembei." Aliyasema kwa sauti ya baba mwenye mabinti. Pale kibandani hakuna kitu kilichoamka bila yeye kukiamsha, na nadhani kwa mtu aliyepoteza mayai yote yale, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Sasa nimtaje Mama Teresina, kwa maana bila yeye hii ingekuwa hadithi ya mwanamume na mashine, na za namna hiyo nimechoka nazo.

Mama Teresina aliuza odi sokoni, ile siagi ya karanga, na aliimba kwaya. Mume wake, Jubek, alikuwa dereva wa lori. Mwaka 1992 alitoka asubuhi kwa barabara ya Torit na hakuonekana tena, yeye, lori, wala kofia. Mama Teresina akakimbilia Koboko na watoto, akakaa ukimbizini miaka mingi, na muda wote huo hakumlilia. Alisema ukimlilia mtu kabla hajaombewa, umemuua wewe. Sasa amani imekuja, amerudi, na katekista amekubali kuja Jumamosi saa tatu kumfanyia Jubek maombi ya maiti. Maiti hayupo, kwa hiyo picha ingelazwa kitandani mahali pa mwili, kubwa, ya rangi, kila mtu aone anayeombewa ni nani.

Picha aliyokuwa nayo ilitoka kwenye leseni ya udereva, ndogo kama kucha ya kidole gumba, na muhuri umepita kidevuni. Erifazi akaiingiza kwenye kompyuta, akakaa wiki nzima anafuta muhuri ule nukta kwa nukta. Kidevu kilipotokea aliniita niache nywele za mteja nije nione. Nilikwenda. Kilikuwa kidevu kizuri, siwezi kusema uongo.

Alhamisi akaja Conrad, mtoto wa shangazi yake, fundi wa kompyuta wa shirika moja huko mtaa wa Buluk. Conrad ni mtu wa kusaidia watu kabla hawajaomba. Akaona flashi za wateja zimejaa virusi, akachomeka modemu yake ili aweke dawa ya virusi, kisha wakaenda wote kula kisra. Waliporudi, kompyuta ilikuwa imekula apdeti zote za miaka mitatu, imejizima, imejiwasha, na imebadilisha hata picha ya Ziwa Victoria aliyoiweka Erifazi. Akatia karatasi nzuri, akabonyeza achape uso wa Jubek. Printa ikakohoa na kuandika: Katriji hii si halisi. Weka katriji halisi.

"Si halisi kwa nani?" Erifazi akaiuliza printa.

Conrad ndiye aliyejibu. "Daktari, nayo imepata apdeti. Sasa inatambua wino wa sindano."

"Nani amepatia hiyo ruhusa?"

"Ulibonyeza Nakubali."

"Lini?"

"Siku ile kompyuta ilipoanza kutumika."

"Siku ile ilikuwa ya kawaja."

"Basi kawaja alikubali kwa niaba yako."

"Rudisha vile ilikuwa asubuhi."

"Hairudi, ssebo."

Nilisikia trei ya sindano ikianguka chini. Sikujua kama imeanguka au imeangushwa, nikaendelea kusuka.

Ijumaa yote alipambana. Alibandika plasta kwenye katriji ili printa isiitambue, ikaitambua. Akaitoa, akaipuliza, akaitukana kwa Kisoga. Katriji halisi ingetoka Kampala na basi, kufika Jumatano. Pale Buluk palikuwa na printa nyingine ya rangi, mwenyewe amefunga kwenda kuoa. Ile ya shirika la Conrad ilihitaji nenosiri, na nenosiri lilikuwa kichwani mwa bosi, na kichwa kilikuwa likizoni Mombasa.

Juu ya hayo, kila baada ya dakika kumi kilitokea kisanduku katikati ya skrini. Kilisema maboresho hayajakamilika, mashine lazima ijizime na kujiwasha upya, kisha kikatoa vitufe viwili: Sasa, na Baadaye. Usipobonyeza chochote ndani ya dakika tano, kinajibonyezea chenyewe. Kuikatia umeme hakukusaidia: ukiiwasha tena, maboresho hayajaendelea na kisanduku kiko palepale kinasubiri.

"Hapana iko wapi?" Erifazi akamwuliza Conrad.

"Hakuna Hapana."

"Mtu anauliza swali na hataki jibu?"

Conrad akashauri aiache ijiwashe yaishe, ingawa itachukua masaa na hajui itaamka vipi. Erifazi akakataa kabisa. Mara ya kwanza iliamka ikamnyang'anya wino, mara ya pili ingemnyang'anya nini? Nilimwona ni mkaidi, na nikamwambia. Akaniambia niende nikasuke.

Asubuhi ya Jumamosi alikuja mlangoni kwangu kabla sijatoa viti, amevaa shati la kanisani.

"Phiona, nyabo, jenereta yako inaweza toka?"

Tukavipakia kwenye toroli: jenereta, kompyuta, na ile skrini ya zamani yenye kisogo, tukaifunga shuka isipate vumbi. Tulipopita karibu na kanisa la Mtakatifu Teresa watu walivua kofia. Sikuwaambia kitu.

Mama Teresina alikuwa ametandika angareb, kitanda cha kamba, kwa shuka jeupe. Erifazi akamweleza, macho chini, kwamba karatasi imeshindikana. Nilidhani atatufukuza. Aliitazama skrini muda mrefu. "Malesh," akasema. Haidhuru. "Wekeni hapo." Tukailaza pale panapolala kichwa, nikaenda nyuma ya nyumba kuwasha jenereta, na niliporudi Jubek alikuwa anatutazama sote, kidevu chake kizima.

Katekista Matiya alisita. "Mama, mimi sijawahi kuombea televisheni."

"Si televisheni. Ni baba ya watoto."

Akafungua kitabu.

Kwao kina Jubek, panapolazwa maiti, kichwani hukaa ndugu wa kiume na kitambaa, afukuze nzi mpaka maombi yaishe. Ndugu wa Jubek vita vilikuwa vimewamaliza, na kigoda kilikuwa kitupu. Erifazi alikikalia kwa sababu waya wa mausi ulikuwa mfupi. Wala hakujua amekaa wapi.

Katikati ya somo la kwanza kisanduku kikatokea, sawasawa kwenye paji la uso wa marehemu. Kwaya ikanyamaza. Mtoto mmoja akaanza kusoma kwa sauti, akafinywa.

"De sunu?" Mama Teresina akauliza. Hiki ni nini?

Erifazi alibonyeza Baadaye. "Nzi, Mama," akasema. "Nzi tu."

Kuanzia hapo hakuyatoa macho kwenye ule uso. Watu wanapiga magoti, yeye ameketi. Watu wanafumba macho, yeye ametoa yake kama kuku anayeangalia mwewe. Kila dakika kumi kisanduku kinatokea, na kabla hujakisoma ameshakifukuza. Jasho lilimtoka mpaka shati la kanisani likamganda mgongoni. Mzee mmoja akaniuliza polepole huyu kijana ni wa ukoo gani. Nilimjibu ni wa Iganga, akatikisa kichwa kama anaijua.

Maombi yalikwisha saa tano. Katekista alinyunyiza maji, kwa mbali kidogo, kwa heshima ya umeme. Kisanduku kikatokea tena, na safari hii Mama Teresina akaushika mkono wa Erifazi.

"Ngoja. Kinataka nini?"

"Kinataka izime, iwake upya. Mimi imekataa tangu Alhamisi."

"Na yeye?"

"Iko ndani, Mama, na kwa flashi pia. Jumatano nitachapa. Lakini hapa ataondoka."

Mama Teresina aliuachia mkono. "Umemfukuzia nzi," akasema. "Kule njiani hakuwa na mtu." Kisha akavuta kigoda karibu. "Nionyeshe kile cha kumruhusu. Nibonyeze mimi. Nisiambiwe na hiki kitu."

Erifazi, aliyeapa mbele yangu kwamba Sasa hataibonyeza hata akifa, alikipeleka kimshale mpaka pale, akauweka mkono wa mama yule juu ya mausi, akaondoa wa kwake. Mama Teresina alimtazama mume wake. Dakika tano zile zilikuwa zinahesabika kurudi nyuma na hakuziharakisha wala kuziogopa. Zilipobaki chache akabonyeza.

Uso ukatoweka. Skrini ikawa nyeusi, na Mama Teresina akaanza kulia, kilio cha miaka kumi na saba, mwili mzima. Mdomo ulikuwa wazi, lakini kwa ngurumo ya jenereta langu hatukumsikia.

Kompyuta ikaamka na kuandika kwa herufi kubwa kwamba inakamilisha maboresho na mtu asiizime. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikazima jenereta.