Vidonge vya Mama Kamau

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya wajawazito, ndani ya kambi ya waliofurushwa makwao na ghasia za uchaguzi pale Eldoret, metroni, mkuu wa wauguzi, alinipokea kwa onyo. "Sista, hapa hatuulizi mtu alimpigia nani kura. Uliza tumbo, uliza usingizi."

Sisi tuliotoka upande wa ziwa tulitazamwa kwa jicho la pembeni, nasi tukawatazama wengine vivyo hivyo. Beji yangu ya jina nilitamani kuivua, maana jina lenyewe lilitaja kabila langu.

Mama Kamau alikuja na mimba changa. Nyumba yake karibu na Timboroa ilikuwa imechomwa. Alikuwa hali, halali, haongei. Daktari wa akili alimwandikia dawa ya sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa. Kazi yangu ilikuwa kumpa vidonge vya wiki, cha kwanza akimeze mbele yangu. Alikitia mdomoni huku akisoma beji yangu.

Akajifungua mtoto wa kiume. Nilipompapasa, kama tunavyowakagua wote, korodani moja haikuwa imeshuka. Papo hapo nikashuku vidonge. Dawa ile hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, na aliyeitoa ni mimi. Daktari alisema hali hiyo huwapata hata watoto ambao mama zao hawakumeza chochote, na kwamba watafiti bado wanabishana. Sikutulia hata kidogo.

Nilihamishiwa kliniki ya Kapsoya, kisha ya Kimumu, na Mama Kamau akanifuata kote na mtoto wake. Mtoto alipasuliwa, korodani ikashushwa. Lakini kila nikimwona nilijiuliza kama atabaleghe sawasawa, kama atazaa. Niliwasumbua wakubwa wote kwa maswali. Msimamizi wa Kimumu alinichoka: "Wewe Sista unatafuta mchawi kwa chupa ya dawa! Si umwambie tu huyo mama?"

Nilimwambia wiki niliyostaafu. Alikuja kuniaga na kijana wake, sauti nzito, masharubu yameanza. Nikamvuta mama kando, nikamweleza hofu yangu yote.

Akacheka hadi akashika ukuta. "Ati dawa? Kwani nani alimeza, Sista? Nilikuwa naficha chini ya ulimi, nikitoka natema. Zile zingine natupa kwa choo. Nilisoma jina lako nikasema, huyu wa ziwa anataka kunimaliza na mtoto."

"Na mbona ulikuwa unarudi kila wiki?"

"Si ningekosa ungenishuku? Uoga uliniisha baadaye, nilipoona unavyomhangaikia mtoto."

Kwa ajili ya kijana nilifurahi, ila moyo uliniuma. Ninyi wauguzi mnaovaa beji leo, kilichosababisha tatizo lile sikijui hadi sasa. Ninachojua ni kwamba mama yule aliugua mimba nzima bila dawa, kwa kuniogopa mimi.